Moyo Nilioufunga Mdomo

Sehemu ya Saba

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, hukukosa lolote la kunipa sifa. Nilieleza jinsi mama yangu, Nakhumicha, alivyokuja Kinoo kunitembelea kutoka Webuye, akateleza bafuni na kuvunjika nyonga. Nilieleza pia jinsi kampuni yetu pale mjini ilivyotugawia saa za mkononi zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Atakayefikisha hatua elfu kumi kila siku, kwa siku tisini mfululizo, angeruhusiwa kumwongeza mzazi mmoja kwenye bima ya matibabu. Ukiruka siku moja, umetoka.

Mimi ni karani. Nakaa kitini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na tumbo langu linashuhudia. Siku ya majaribio nilijikokota hadi hatua elfu tatu, miguu ikavimba, nikalala na viatu.

Ndipo nikaichukua ile saa nikampa jirani yangu Kiema, ambaye kazi yake ni kuwatembeza mbwa wa matajiri wa Loresho. Hapo ndipo tulipoachia. Leo nitawaambia maneno niliyomwambia siku ile, kwa sababu wiki iliyopita niliona haya nikayaruka.

"Hii ni zawadi," nilimwambia.

"Zawadi ya nini, Zedi? Hata si Krismasi."

"Ni saa ya daktari. Inasikiliza moyo. Siku moyo wako ukileta shida, simu yangu italia na mimi nitakwambia. Wewe vaa tu, usiivue."

Kiema aliinyoosha mikono yote miwili kuipokea, kisha akamwita mkewe. "Hannah, kuja uone. Zedi amenipea daktari wa mkono."

Sikumtajia hatua, wala bima, wala mama. Ningemwambia, pengine angekubali vilevile, maana Kiema ni mtu wa kukubali. Lakini katika ploti yetu ya nyumba za kupanga siri ikiwa na watu wawili, kufikia jioni inajulikana hadi kwa muuza maji. Nikaona heri niwe mkarimu kuliko kuwa mkweli.

Nilifanya jambo moja zaidi kabla ya kumpa. Niliipanga saa isionyeshe chochote ila wakati. Sikutaka siku moja imwandikie, "Hongera, Zedekiah."

Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Kiema aliwachukua mbwa wa nyumba tatu asubuhi na tena alasiri, na mmoja wao ni jibwa jeusi linalomburuta kama trela. Jioni akirudi, sisi tukitenganishwa na ukuta mmoja tu, saa yake ilizungumza na simu yangu kupitia ukuta ule. Simu ikilia nilijua Kiema amefika nyumbani, hata kabla hajakohoa. Hatua elfu kumi na tisa. Hatua elfu ishirini na moja.

Ofisini, nikivaa mikono mirefu kufunika kifundo kisicho na saa, jina langu likapanda kwenye ubao wa hatua hadi nafasi ya pili. Clifford wa stoo alinitazama tumbo, akatazama ubao.

"Zedi, wewe hutembea saa ngapi?"

"Asubuhi sana, buda. Ukiwa bado unakoroma."

"Na hiyo kitambi inabaki nyuma ama?"

Tulicheka wote. Meneja wetu, Mwaura, alinipigia makofi mkutanoni mbele ya watu, nami niliinama kwa unyenyekevu. Nilistahili kupigwa kitu kingine.

Siku ya sabini na nane simu ililia jioni kama kawaida. Nikaichukua nione hatua, nikakuta maandishi mekundu.

"Mapigo ya moyo wako hayana mpangilio. Hali hii imeendelea kwa saa tisa. Tafadhali mwone daktari."

Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema "Nimesoma." Kingine kilisema "Puuza."

Ukutani nilimsikia Kiema akimwambia Hannah ampe maji ya kunywa. Upande wangu mama alikuwa kitandani sebuleni, akiuma kitambaa ili dada yangu Caren amgeuze. Alikuwa akigeuzwa mara tano kwa siku, na kila mara alikiuma kitambaa kile asipige kelele majirani wakasikia.

Nilihesabu. Zilibaki siku kumi na mbili. Ningemwambia Kiema aende hospitali, angeambiwa apumzike. Angepumzika siku moja tu, na mama angebaki na kitambaa mdomoni.

Nikabonyeza "Puuza."

Nilijiambia kwamba mashine hudanganya. Nilijiambia kwamba Kiema ana nguvu za punda, na kwamba pengine mkanda ulikuwa umelegea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na mimi siku hiyo sikukosa hata moja.

Lakini nilikuwa nimesahau kitu. Ule ujumbe haukuja kwangu peke yangu.

Siku ya pili yake nikapigiwa simu ofisini na Nyawira, muuguzi anayesimamia afya ya wafanyakazi.

"Zedekiah, uko wapi?"

"Niko kwa desk."

"Umekaa chini?"

"Nimekaa. Kwani nini?"

"Usishtuke. Saa yako inaonyesha moyo wako unapiga vibaya tangu jana. Si mchezo, hiyo ni kitu inaweza kukuangusha. Kesho asubuhi nenda upimwe. Nimeshakuandikia. Usipoenda, nitakutoa kwenye mpango hadi uende."

Niliweka simu chini. Ningekataa, siku zangu zingesimama. Ningekubali, mashine ingeona moyo wa mtu mwingine.

Nilikwenda. Kliniki ilikuwa mjini, orofa ya nne. Nilivua shati, nikapakwa mafuta baridi kifuani, nikafungwa nyaya. Daktari kijana akaangalia karatasi ikitoka, akaitazama tena, akatabasamu.

"Mzee, huu moyo ni wa mtu wa miaka ishirini. Hongera. Endelea na hayo matembezi."

Nyawira alinipigia kabla sijafunga vifungo. "Nimeona majibu. Nashukuru Mungu, ulinitia wasiwasi. Hizi saa wakati mwingine hukosea. Nimeifunga hiyo alert, haitakusumbua tena. Siku zako zinaendelea kuhesabiwa."

Kwa hiyo moyo wa Kiema ulipimwa kwa kifua changu, ukaonekana mzima, ukaandikwa mzima, na onyo likafungwa kwa mkono wa mtaalamu. Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi. Nilimnunulia mama ndizi za kuiva. Hilo linanichoma hata leo, zile ndizi.

Siku ya themanini na tatu Kiema alinisubiri langoni. Hakuwa na mzaha wake wa kila siku.

"Zedi, saa inasema nini?"

"Kuhusu?"

"Kuhusu mimi. Kifua inanipapatika, kama kuku amefungwa ndani ya gunia. Nikipanda kile kilima cha Loresho nasimama mara mbili. Hata mbwa wananiangalia."

"Unalala vizuri?"

"Nalala. Naamka nimechoka. Hannah anataka niende kliniki, mimi nimemwambia ya nini na kuna saa? Ingekuwa mbaya simu yako ingelia. Ama haijalia?"

Angalia jinsi mtu anavyokufungulia mlango mpana. Neno moja tu ningesema. Zilibaki siku saba, na taa ya nyumbani kwangu ilikuwa inawaka, na nilijua saa hiyo Caren alikuwa anamgeuza mama.

"Haijalia," nikasema. "Imepimwa hadi na daktari, Kiema. Juzi tu. Iko sawa kabisa."

"Daktari amepima?"

"Ameona majibu kwa macho yake. Amesema huo ni moyo wa kijana."

Aliushika mkono wangu akautikisa. Uso wake ukafunguka. "Basi ni uchovu. Nitakunywa maji mengi."

Nilimpenda Kiema, na sisemi hivyo kujitetea. Siku tulipohamisha mama kutoka bafuni ni yeye aliyembeba, na alimbeba polepole, akimwambia, "Mama, shika shingo yangu, usiogope." Mtu huyo ndiye niliyemjibu vile langoni.

Siku ya themanini na saba Hannah alinifuata akiwa na beseni la nguo mkononi. Hannah hufulia watu huko huko Loresho, na si mtu wa maneno mengi.

"Shem, mwambie rafiki yako aende hospitali. Mimi hanisikii."

"Bado hajisikii vizuri?"

"Jana amekaa chini kufunga kamba za viatu, akashindwa kuinuka. Namwambia twende, ananionyesha mkono. Ananiambia Zedi amesema iko sawa." Alinitazama bila kupepesa macho. "Ulisema iko sawa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini akienda pia si vibaya. Mwambie aende wiki ijayo. Mimi mwenyewe nitampeleka."

"Kwa nini wiki ijayo?"

"Wiki hii niko na mambo ya mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Pole na mama," akasema, akaenda kuanika nguo.

Na kweli nilikusudia kumpeleka. Nilikuwa nimepanga mpaka siku: mama akishatoka upasuaji, kesho yake nampeleka Kiema, na ikibidi nauza televisheni. Katika mpango wangu moyo wake ulikuwa na adabu ya kungoja zamu.

Siku ya tisini ikafika. Hatua elfu kumi na nne, chache kuliko zote, lakini zilitosha. Mwaura alinipa karatasi yenye muhuri na kunipiga picha nikiwa nimeishika. Siku mbili baadaye bima ikamkubali mama. Siku ya tatu, Jumanne, tulimpakia kwenye teksi hadi hospitali moja ya Parklands, akapewa kitanda orofa ya pili karibu na dirisha. Upasuaji uliwekwa Jumatano saa moja asubuhi.

Mama alipapasa shuka nyeupe kwa kiganja. "Zedekiah, mwanangu, wewe umetembea kwa ajili yangu siku tisini. Mungu ameziona zote."

Nilisema naenda kununua slipa.

Nilikuwa bado kwenye korido simu ilipolia. Hannah.

"Shem, Kiema ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Loresho, kwa barabara. Ile mbwa nyeusi imerudi nyumbani peke yake ikiburuta kamba, mwenye nyumba akatoka kumtafuta, akampata kando ya mtaro. Amemleta na gari yake. Tuko hospitali."

"Hospitali gani?"

Akaitaja. Nilitazama ukutani nikaona jina hilo hilo limeandikwa kwa herufi za bluu. Kiema alikuwa chini yangu orofa mbili.

Nilishuka kwa ngazi, lifti nisiiamini. Hannah alikuwa amesimama nje ya chumba cha dharura, nguo zake bado zimelowa sabuni. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi wenye viatu vya Kiema, kofia yake na ile saa.

"Ameongea?" nikamuuliza.

"Anaongea kidogo. Anauliza kama mbwa wamefika."

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Saa ilikuwa imekaribia simu, ikamwaga kila ilichokuwa nacho. Sikuhitaji kuitazama, lakini niliitazama. Mchoro mwekundu ulianza siku ya sabini na nane na kuendelea bila kukatika, siku kumi na tano, hadi saa nne na dakika kumi asubuhi hiyo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, kwa sababu walikuwa wamemvua.

Mlango ukafunguka, daktari akatoka. Mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha nyweleni, haraka imemjaa.

"Nani ni wa Kiema?"

"Mimi ni mke wake."

"Sikiliza mama, nina swali moja na nataka unijibu vizuri. Moyo wake unapiga ovyo na presha inashuka. Naweza kuushtua kwa umeme urudi kwa mstari sasa hivi. Lakini nataka kujua hii kitu ilianza lini. Kama ni leo au jana, nashtua. Kama ina siku nyingi, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya moyo. Nikishtua, hilo donge linaweza kuruka hadi kwa kichwa, na hapo tutampoteza ama abaki hawezi kuongea. Itabidi nitumie njia ingine, ya polepole. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi ilianza lini?"

Hannah alifikiri. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Amekuwa akichoka," akasema. "Lakini moyo ulikuwa sawa, daktari. Ulipimwa." Akanigeukia. "Huyu shemeji yangu alimpa saa inasikiliza moyo. Inalia kwa simu yake kukiwa na shida. Kiema alimuuliza, akasema daktari amepima, iko sawa. Si ndiyo, Zedi?"

Daktari akanitazama. "Una rekodi ya hiyo saa?"

Ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa imewaka, mchoro mwekundu ukinitazama. Juu ya mchoro kulikuwa na jina langu, namba yangu ya bima na jina la kampuni yetu. Yeyote ambaye angeisoma angejua ni moyo wa nani uliotembea siku tisini. Hospitali ile ingepigia bima simu, na orofa ya pili wangekuja watu wawili kumwomba mama avae nguo zake.

"Bwana," daktari akasema, "saa ililia ama haikulia?"

Kuna watu huuliza mtu mwovu hujisikiaje. Nawajibu kwamba nilijisikia nikiwa na kiu tu. Mdomo ulikuwa mkavu, na nilikuwa naiona nyonga ya mama kama naishika.

"Haikulia," nikasema.

"Kwa hiyo ni leo."

"Ni leo."

Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika. Akageuka, akamwambia mtu ndani, "Leteni mashine, tunamshtua," na mlango ukajifunga nyuma yake kwa ule ulaini wa milango ya hospitali.

Hannah aliketi kwenye benchi na kuuweka mfuko mapajani. Alikuwa analia, lakini kwa utulivu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mambo yatakuwa mazuri.

"Asante, shem," akasema. "Bila wewe ningesema nini? Mimi sijui hata mapigo ni nini. Ningesema vibaya, wangemuua."

Simu ikatetemeka tena. Safari hii ilikuwa Caren, kutoka juu: "Wamekuja kumwandaa mama kwa upasuaji wa kesho, wanataka kumpa dawa ya maumivu. Anakuuliza. Anasema hataki kulala kabla hajakuona."

Kwenye mlango wa chumba cha dharura kuna kioo kidogo, kipana kama daftari. Nilisogea nikachungulia. Walikuwa wamemfungua Kiema shati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kando, na pale saa ilipokuwa palikuwa na alama nyeupe ya mkanda. Mtu alikuwa anapaka mafuta kwenye vyuma viwili. Daktari alikuwa anasoma alichoandika.

Alinigeukia. Kiema, si daktari. Aliniona kwenye kioo, akainua ule mkono mtupu kidogo, akakigonga kifundo chake kwa kidole cha mkono wa pili, na midomo yake ikasema neno ambalo sikulisikia lakini nililijua. Saa inasema nini?

Nilifungua simu kwenye ule mchoro mwekundu. Nikainua ngumi nikabisha.

Nilibisha taratibu sana, kama mtu anayeomba asifunguliwe. Ndani daktari alikuwa tayari anawaambia wote wasogee mbali na kitanda, umeme upite.